Je, Mkristo humrehemu mwenzake au humhurumia?

Swali: Katika jumuiya yetu ndogondogo katibu aliandika tangazo hili: “Kwaresima hii tuwarehemu wagonjwa na wafungwa, na tuwaonee wadeni wetu.” Mzee mmoja alilipinga, akisema kuwa kurehemu ni kazi ya Mungu peke yake, na kwamba binadamu huhurumia tu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mzee ana sikio zuri, ila kanuni aliyoitoa imezidi ukali. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952 na ambayo ndiyo iliyowalea Waprotestanti wengi wa Afrika Mashariki, inalitumia neno hilo kwa wanadamu bila wasiwasi wowote. Katika Mathayo 18 mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi anamkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari mia, na bwana wake anamuuliza kama haikumpasa kumrehemu mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, kama yeye mwenyewe alivyorehemiwa. Mistari michache kabla ya hapo, bwana huyo huyo alipoombwa amvumilie mdeni wake, tunaambiwa kwamba alimhurumia, akamfungua, akamsamehe. Kwa hiyo vitenzi vyote viwili vimo katika mfano mmoja, na vyote vinatumika kwa watu.

Hata hivyo, ukiyasoma matumizi hayo kwa makini utaona kwamba anayerehemu kwa kawaida ni mtu mwenye nguvu au haki juu ya mwingine: anadai, angeweza kuadhibu, au ameombwa jambo ambalo ni yeye tu awezaye kulitenda, kama Bartimayo kipofu alivyompazia Yesu sauti akisema, “unirehemu.” Kuhurumia hakuhitaji mamlaka yoyote. Jirani asiye na senti humhurumia jirani, na mtoto humhurumia ndege aliyevunjika bawa. Ndiyo maana Wakatoliki husema matendo ya huruma, saba ya kimwili na saba ya kiroho, kwa kuwa kumlisha mwenye njaa au kumtembelea mfungwa ni jambo ambalo yeyote anaweza kulifanya.

Liko pia jambo la masikio, na nadhani ndilo lililomkera mzee. Katika mazungumzo ya kila siku “Mungu amrehemu” husemwa zaidi juu ya mtu aliyefariki, na neno marehemu limetoka katika shina hilo hilo. Ukitangaza kwamba jumuiya itakwenda hospitali kuwarehemu wagonjwa, usishangae ndugu zao wakiguna.

Kosa zito zaidi, ambalo mzee hakuligusa, ni hilo “tuwaonee.” Kuonea hubadilika maana kulingana na nomino inayokifuata: twasema kumwonea mtu haya, wivu, fahari au huruma. Nomino ikiondolewa, kumwonea mtu ni kumdhulumu, na mtoto anayelia shuleni kwamba “ameonewa” hajapewa peremende. Katibu aliidondosha huruma, bila shaka kwa haraka ya kuandika, na tangazo likawahimiza waumini wawanyanyase wadeni wao katika Kwaresima!

Swali la kuchagua kati ya kuhurumia na kuonea huruma halina uzito mkubwa, kwa kuwa Luka 10 inavitumia vyote kwa Msamaria yule yule: alipomwona majeruhi alimhurumia, na mwishoni anaitwa “aliyemwonea huruma.” Linalofaa kutazamwa hapo ni vitenzi vinavyofuata: akakaribia, akamfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamleta mpaka nyumba ya wageni, akamtunza. Hiyo -ka- inayofululiza inaonyesha huruma ikitoka moyoni na kuingia mikononi, na mwandishi wa tangazo angeweza kujifunza kutoka hapo kwamba, baada ya kuitaja huruma, inafaa kutaja vitendo vyenyewe.

Ningeliandika tangazo hivi: “Kwaresima hii tuwahurumie wagonjwa na wafungwa kwa kuwatembelea, na wadeni wetu wasioweza kulipa tuwarehemu.” Hapo kurehemu kumekaa mahali pake, maana anayedai ndiye mwenye uwezo wa kuachilia. Wengine huandika “tuwarehemie”. Nyongeza hiyo haihitajiki, kwa sababu kurehemu tayari hubeba mtendwa, ingawa katika kutendwa tunasema kurehemiwa.