Kabla ya Kuandika Morfini: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kutibu Maumivu

Tabibu au muuguzi mpya akifika kitengo cha maumivu au cha tiba shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya mwenye ugonjwa mzito), kitu cha kwanza anachoomba ni jedwali la dozi. Atapewa, lakini halitamfaa kama hajui maumivu ya mgonjwa wake yanazalishwa wapi: kwenye jeraha lenyewe, kwenye neva iliyoharibika, au kwenye uti wa mgongo na ubongo ambao umekuwa mwepesi kuhisi kupita kiasi. Dawa inayotuliza maumivu ya kwanza inaweza isiyaguse ya pili, na kwa ya tatu ikaleta madhara tu.

Anza na njia ambayo taarifa hupita. Ukigusa sufuria ya moto unasikia mchomo mkali mara moja, halafu baada ya muda kidogo unafuata uchungu mzito usiotaka kuondoka. Hizo ni nyuzi za neva za aina mbili tofauti. Nyuzi za A-delta zina utando wa mafuta na hupeleka taarifa kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyuzi C hazina utando huo, nazo hutembea mita 0.5 hadi 2 tu. Kwenye ncha zake kuna vipokezi vya aina nyingi. Kinachofahamika zaidi ni TRPV1, ambacho maabara ya mwanasayansi David Julius ilikitambua mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini, yaani ukali wa pilipili. Kipokezi hicho hufunguka joto likifika digrii 43 hivi za Selsiasi, na pilipili hukifungua bila joto lolote. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mgandamizo.

Hilo lina maana wodini. Palipo na uvimbe, kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini hushusha kiwango ambacho vipokezi vinafunguka, ndiyo maana kidonda kilichovimba huuma hata kwa maji ya uvuguvugu. Ibuprofeni na diklofenaki huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Kwa hiyo zinafaa kwenye jino, kiungo kilichovimba au saratani iliyoingia mfupani, na hazina la kufanya kwa mguu wa mgonjwa wa kisukari unaowaka moto usiku. Kumwongezea huyo diklofenaki ni kumharibia tumbo na figo bure.

Nyuzi zikifika pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, taarifa haipiti tu kwenda juu. Inapimwa. Watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba kuna lango hapo: mguso wa kawaida hulifunga kiasi, na ubongo nao hutuma amri kutoka juu za kulifunga au kulifungua. Morfini hufanya kazi hapohapo na kwenye shina la ubongo. Lakini nyuzi C zikipiga mfululizo kwa muda mrefu, seli za pembe ya nyuma hubadilika na kuanza kujibu kwa nguvu hata kwa mguso mdogo. Clifford Woolf alilionyesha jambo hili mwaka 1983. Ndiyo sababu dozi ya maumivu ya kudumu hutolewa kwa saa, maumivu yarudi yasirudi. Wodi inayosubiri mgonjwa alie ndipo impe dawa huishia kutumia dawa nyingi zaidi.

Sasa kwa mgonjwa. Kumuuliza “kutoka 0 hadi 10 unaumwa kiasi gani” ni sawa, ila namba peke yake haichagui dawa. Muulize yanafanana na nini, kisha nyamaza. Akisema yanawaka moto, umeme unapita, anachomwachomwa na sindano, au pamekufa ganzi na bado panauma, fikiria neva. Akisema yanapwita au yanazidi akisogea, fikiria tishu na uvimbe. Tumbo linalokata kwa vipindi ni la utumbo au mirija. Dodoso la DN4 lina vipengele 10, na alama 4 au zaidi huelekeza kwenye neva. Vipengele 3 kati ya hivyo ni vya kumpima kwa mkono, na hapo wageni wengi huruka.

Usiruke, kwa sababu vifaa ni pamba na kijiti cha meno. Anza upande usio na shida ili mgonjwa ajue pamba inavyosikika. Kisha pitisha pamba polepole kutoka ngozi isiyo na shida kuelekea panapouma, naye aseme “hapa” pale hisia inapobadilika. Weka alama kwa kalamu, rudia kutoka pande nne. Rudia tena kwa ncha ya kijiti bila kutoboa. Pamba ikiuma, mfumo wa neva umekuwa mwepesi. Kijiti kisiposikika, nyuzi zimekufa. Yote mawili huweza kukutana eneo moja, na mkutano huo ni alama nzuri ya maumivu ya neva. Chora mpaka huo kwenye faili, maana wiki mbili baadaye ndio utakaokuonyesha kama dawa inafanya kazi.

Kwa maumivu ya neva, amitriptilini miligramu 10 hadi 25 saa moja au mbili kabla ya kulala ndiyo mwanzo wa kawaida. Mwambie mgonjwa mdomo utakauka siku za kwanza na nafuu inaweza kuchukua wiki moja hadi mbili au zaidi. Asipoambiwa ataiacha siku ya tatu. Kwa mzee mwenye shida ya moyo au ya kukojoa, fikiri mara mbili.

Morfini ya maji ndipo makosa makubwa yalipo. Ipo yenye miligramu 5 katika mililita 5 na ipo yenye miligramu 50 katika mililita 5, na anayeandika “mpe mililita 5” ameacha mlango wazi kwa dozi mara kumi. Andika miligramu, andika mililita, andika nguvu ya chupa, zote tatu. Uganda, ambako shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda lilianza mwaka 1993 na morfini huchanganywa kutoka kwenye unga, nguvu hutofautishwa kwa rangi ya maji yenyewe. Ni utaratibu mzuri, lakini hauondoi wajibu wa kusoma lebo.

Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia opioidi, yaani dawa za jamii ya morfini, huanza na miligramu 5 kila baada ya saa 4. Mzee au aliyedhoofu sana, 2.5. Usiwaambie ndugu “kila saa nne” ukaishia hapo, kwa sababu wapo watakaompa saa nne asubuhi na saa nne usiku basi. Waandikie saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mbili kwa pamoja ili alale hadi asubuhi. Kipimo kiwe bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye alama. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Maumivu yakitoboa katikati ya ratiba, anapewa dozi ya ziada sawa na dozi moja ya kila baada ya saa 4, bila kuruka dozi inayofuata, na kila ya ziada iandikwe. Mfano: anatumia miligramu 30 kwa siku na jana alihitaji za ziada 4. Panda kwa theluthi hadi nusu, yaani hadi 45 kwa siku, ambayo ni 7.5 kila dozi na 15 usiku. Dozi ya ziada nayo ipande hadi 7.5; hiyo husahaulika karibu kila mara.

Siku ileile ya kwanza andika bisakodili, dawa ya kusaidia kupata choo. Kichefuchefu na usingizi hupungua ndani ya siku chache, kufunga choo hakupungui kamwe, na mgonjwa aliyekaa siku tano bila choo ataikataa morfini akidhani ndiyo inayomuua tumbo.

Kwa figo zilizochoka, zao la morfini liitwalo M6G hubaki mwilini na kuendelea kufanya kazi. Punguza dozi, ongeza muda kati ya dozi, na mtazame. Usingizi mzito hutangulia, pumzi kupungua hufuata. Anayeamka ukimwita na kupumua vizuri hahitaji naloksoni, dawa inayozima kazi ya morfini; mrukishe dozi na umkague. Asiyeamka, mboni kama ncha ya pini, pumzi chini ya 8 kwa dakika: oksijeni, ita msaada, chukua naloksoni miligramu 0.4, ichanganye na maji ya chumvi ya dripu hadi mililita 10, mpe mililita 1 kwenye mshipa kila dakika 2 mpaka pumzi zipande. Lengo ni pumzi. Ukimsukumia yote kwa pamoja maumivu yote yatamrudia kwa ghafla. Na usiondoke, kwani naloksoni huisha mapema kuliko morfini.

Jambo moja kutoka maabara liingie kwenye mazoea yako. Mwaka 1978 Jon Levine na wenzake walionyesha kwa watu waliong'olewa meno kwamba naloksoni huweza kuzima nafuu iletwayo na plasebo, yaani kitu kisicho na dawa ndani kinachotolewa kama dawa. Maana yake matarajio huamsha opioidi za mwili wenyewe. Basi unapotoa dozi, mwambie mgonjwa ni dawa gani, ni ya nini, na ataanza kusikia nafuu baada ya dakika 30 hadi 60 hivi. Ni sehemu ya matibabu na haina gharama.

Mwisho ni yule mwenye mgongo wa miaka mingi, vipimo safi, usingizi mbovu, na maumivu yanayohama. Tangu 2017 kundi hili lina jina lake, nosiplastiki: tishu na neva hazionyeshi kidonda cha kutosha kueleza maumivu, ila mfumo wenyewe umekuwa mwepesi. Maumivu yake ni ya kweli, na umwambie hivyo kabla ya lolote. Usimwanzishie morfini. Mpangie kutembea kwa muda anaoumudu hata siku mbaya, kwa mfano dakika 10, aongeze kidogo kila wiki na asizidishe siku nzuri, rekebisha usingizi, amitriptilini ndogo usiku ikibidi. Mrudishe kliniki kwa tarehe, hata kama hajazidiwa.