Maswali Yenu: Nani mkali wa besi kwenye granji?

SWALI: Mhariri, nazipenda sana bendi za granji, ile rock nzito ya Seattle, Marekani, ila kila mtu anaongelea waimbaji na magitaa tu, we unamkubali nani kwenye besi, lile gita la sauti nzito?

JIBU: Mi ni Jeff Ament wa Pearl Jam, hapo hata sifikirii mara mbili. Chukua albamu yao ya kwanza, Ten ya 1991, kuna nyimbo anapiga besi isiyo na vile vyuma vya shingoni, basi noti inateleza tu kutoka moja kwenda nyingine kama mtu anaimba, halafu mwanzo wa wimbo wa Jeremy ile sauti inayolia kama kengele ni besi ya nyuzi 12, yaani kila uzi mnene una nyuzi mbili nyembamba pembeni zinazotoa noti hiyohiyo kwa juu. Vaa hedifoni uisikie, inasisimua kweli.

Krist Novoselic wa Nirvana watu wanamchukulia poa na inaniuma, maana bendi ilikuwa ya watu watatu, ukikosea hakuna pa kujificha. Wimbo wao Lounge Act unaanza na yeye, besi ndo inabeba melodi na gita la Kurt Cobain linakuja baadaye.

Ben Shepherd aliyeingia bendi ya Soundgarden 1990 naye yumo, na alikuwa anatunga pia. Na Mike Starr wa Alice in Chains jamani, ule mwanzo wa wimbo wao "Would?" ni besi tu inanguruma, mpaka leo nikiusikia naacha ninachofanya.