Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei

Barua nyingi za mwezi huu ni za wasomaji wanaotaka kuzungushwa na kiongozi katika miji ya kale ya pwani na visiwa vyake. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu kosa lililomo ndani yake ndilo linaloharibu safari nyingi.

Swali: Sisi ni familia ya watu wanane kutoka Dodoma. Wakala ametupangia Kilwa siku ya mwezi mpevu, ili tufurahie mbalamwezi ufukweni. Tutatoka Kilwa Masoko kwa boti saa mbili asubuhi, twende kuona magofu ya kisiwa cha Songo Mnara kwanza, kisha mchana ya Kilwa Kisiwani. Mtoto mdogo ana miaka sita. Ratiba hii inatekelezeka?

Jibu: Kwa siku hiyo, hapana. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndio wakati wa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Mkiondoka saa mbili mtakuwa mnakimbizana na maji yanayotoka, na mtafika Songo Mnara yakiwa chini kabisa. Boti itasimama mbali. Mtashuka na kutembea kwenye tope katikati ya mikoko, na mizizi yake imeshikwa na chaza wakali kama wembe. Mtu mzima mwenye viatu anapita. Mtoto wa miaka sita atabebwa, na anayembeba haoni anapokanyaga.

Njia bora ni kusogeza tarehe mbele kwa siku saba au nane. Hapo mwezi ni nusu na maji ni mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na kujaa kwenyewe huangukia saa nne au saa tano asubuhi. Mnaondoka saa mbili mkiwa na maji yanayoingia, mnashuka karibu na nchi kavu, mnatembea magofu kwa saa mbili au tatu bila haraka, na mnarudi mapema kabla maji hayajashuka. Mbalamwezi mtaikosa, lakini magofu mtayaona.

Kama likizo haisogezeki, geuzeni ratiba. Asubuhi nendeni Kilwa Kisiwani, ambako mkono wa bahari wa kuvuka ni mfupi na hata mkishuka majini ni hatua chache. Songo Mnara ondokeni baada ya saa sita mchana ili mfike maji yakiwa yamekwisha kupanda, na muwe mmepanda boti ya kurudi ifikapo saa kumi na moja, kwa sababu jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo wa alasiri hukoroga bahari. Ratiba hii ya mchana msiifanye kwa boti ndogo miezi hiyo.

Mwulizeni wakala saa ya maji kujaa siku yenu. Kila siku kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo anayeijua ya leo anaweza kuhesabu ya wiki ijayo. Akijibu kwamba maji si tatizo, tafuteni mwingine.

Vifaa: jaketi okozi nane, na za watoto ziwe za kimo chao. Zihesabuni mkiwa bado nchi kavu, kwa sababu jaketi ya mtu mzima humponyoka mtoto kichwani. Maji ya kunywa lita tatu kwa kila mmoja. Magofuni msitegemee kukuta duka. Viatu vya kufunga kisigino, kwa maana ndala huchomolewa na tope. Kibali cha kuingia magofuni chukueni Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na mhakikishe kiongozi mliyepewa ndiye atakayepanda boti, si jina tu kwenye karatasi.

Swali: Nimewahi kupelekwa Kilwa Kisiwani na kiongozi aliyekuwa anataja tu "huu msikiti, hii ngome". Niulize nini safari hii ili nielewe ninachokitazama? — Msomaji, Mtwara

Jibu: Mwombe akuanzishe na ukuta kabla ya masultani. Ukisogea karibu utaona mawe ya aina mbili. Ukutani mna mawe magumu ya matumbawe, yenye matundu na mabaki ya makombe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Kwenye fremu za milango na mihrabu kuna jiwe laini zaidi, lenye chembe ndogo ndogo: hilo ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi na kuchongwa kabla halijakauka, maana likishakauka patasi hupata kazi. Ndiyo sababu nakshi ziko pale tu na si ukuta mzima.

Kisha pima chumba kwa hatua. Vyumba vya nyumba za kale, Kilwa na hata Lamu, ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana zaidi ya huo bila kupinda. Mti wa mkoko ndio uliochora ramani ya nyumba. Wajenzi walipotaka ukumbi mpana zaidi walilazimika kuongeza nguzo au kujenga kuba, na hapo ndipo Msikiti Mkuu unapoanza kusomeka: sehemu ya kaskazini ni ndogo na ya zamani zaidi, msingi wake ukianzia karne ya 11, upanuzi wa kusini, wenye kuba, ni wa baadaye.

Usikubali kuondoka bila kufika Husuni Kubwa. Viongozi wavivu huiruka kwa sababu iko mbali na magofu mengine. Ni jumba la mwanzoni mwa karne ya 14, la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Lina birika la kuogelea lenye pande nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Gereza, ile ngome ya ufukweni, iache ya mwisho: Wareno walijenga ya kwanza mwaka 1505, na unayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ya wakati wa Waomani.

Swali: Tuna siku tatu Lamu. Tunataka Takwa, Siyu na Pate. Je, siku tatu zinatosha? — Wasomaji wanne, Nairobi

Jibu: Zinatosha mkiacha siku moja nzima kwa mji wa Lamu wenyewe. Takwa, iliyoko kisiwa cha Manda, huingiwa kwa mkono wa bahari unaopita mikokoni, na mkono huo haupitiki maji yakipwa. Kodini mashua itakayofika kabla ya maji kujaa kabisa, na nahodha akisema "twendeni", magofu yaacheni hapo hapo. Wanaochelewa hukaa kwenye tope kungoja maji mengine, na hiyo ni nusu siku.

Kisiwa cha Pate, chenye mji wa Pate na Siyu, ni safari ndefu zaidi. Njia ya ndani, kupitia Mkanda kati ya Manda na bara, nayo inataka maji. Vyombo vya abiria hushusha Mtangawanda, ambako kina kinatosha, kisha mnaenda mji wa Pate kwa miguu au kwa pikipiki. Kwenda Pate, kuona ngome ya Siyu na kurudi Lamu kwa siku moja kunawezekana kwa boti ya kukodi tu. Kwa chombo cha abiria, laleni huko usiku mmoja. Mizigo iwe ya begani: sanduku la magurudumu halina kazi kwenye vichochoro vya Lamu.

Swali: Mama yangu ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Anatamani kuona miji ya kale. Nimpeleke wapi? — Msomaji, Morogoro

Jibu: Mpeleke Bagamoyo. Ni kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, gari linafika karibu na kila kitu, na magofu ya Kaole yenye misikiti na makaburi ya nguzo yako kilomita chache tu kusini mwa mji. Hakuna boti ya kupanda, na boti ndiyo inayoumiza magoti: kuruka ukingo, kushuka majini, kukaa kwenye ubao. Nendeni saa mbili asubuhi kabla ya jua kali, na mbebe kiti cha kukunja. Akitaka Zanzibar, Mji Mkongwe ni tambarare na unatembeleka polepole, ila mwambieni kiongozi mapema asimpandishe ghorofani. Na kama ratiba ya wakala inaahidi kuingia Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kale la Mji Mkongwe, mwulize kama ameuliza hivi karibuni: sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020, na wapo wanaonakili ratiba za zamani.

Swali: Tunatoka Mombasa kwenda Zanzibar kwa barabara na boti. Kitambulisho kinatosha? — Msomaji, Likoni

Jibu: Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria; kitambulisho pekee kitakukwamisha mpakani. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku ya kuondoka hakukusaidii.