Shalimar au Chanel No. 5
Ikiwa unachotaka ni manukato yenye harufu ya kudumu hadi usiku, chukua Shalimar ya Guerlain, kwa kuwa tangu ilipotoka mwaka 1925 imesimama juu ya vanila nzito inayopotea hewani polepole, ilhali Chanel No. 5 ya mwaka 1921 hufunguka kwa aldehaidi, yaani kemikali za harufu zinazokumbusha sabuni safi, kabla ya waridi na yasmini kujitokeza. Nimezitumia zote mbili, na Shalimar ndiyo ninayoikuta kwenye mtandio kesho yake. Linganisha tu chupa za aina moja, maana Eau de Toilette (yenye mafuta machache ya harufu) kwa kawaida huwa nyepesi kuliko Eau de Parfum (yenye mafuta mengi zaidi), na ujaribu kila moja kwenye ngozi yako kwa saa kadhaa kabla ya kulipa.