Ripoti ya pampu ya mtoto inasemaje? Majibu ya maswali yenu

Wazazi wenye watoto wa kisukari aina ya 1 wanaotumia pampu ya insulini, wengi wenu mko Marekani na Uingereza, mmeuliza sana kuhusu insulini ya msingi, ile inayoingia kidogo kidogo saa 24. Twende.

Mwanangu ana miaka 6, pampu imesetiwa yuniti 0.5 kwa saa lakini ripoti inasema kwa siku imeingia 9 tu. Ni mbovu?

Usiogope mama. 0.5 mara 24 ni 12, kwahiyo yuniti 3 hazikuingia, cha kutafuta ni zilikatika saa ngapi. Fungua ripoti ya siku mojamoja (wastani wa wiki 2 unaficha mambo) ufuate ule mstari wa insulini ya msingi, utaona mahali umelala kwenye sifuri. Kama ni usiku na sensa (kile kifaa cha kwenye ngozi kinachopima sukari) inaonyesha sukari ilikuwa inashuka kuelekea 4 mmol/L (kama 72 mg/dL kwa mlioko Marekani), pampu imejizima yenyewe kumkinga mtoto, ndo kazi yake, ila ikiwa kila usiku mda uleule mwambie daktari maana huenda dozi ya saa hizo ni kubwa. Kama ni mchana shuleni alafu sukari inapaa mpaka 15 mmol/L (kama 270 mg/dL), uliza nani aliizima wakati wa michezo akasahau kuiwasha. Hapo nakazia kabisa, kwasababu pampu inatumia insulini ya haraka peke yake, hakuna akiba ya mda mrefu mwilini, ikikatika masaa machache tu ketoni (asidi zinazojaa kwenye damu mwili ukikosa insulini) zinaanza kupanda.

Ripoti inaonyesha yote imeingia, mbona sukari haishuki?

Pampu inahesabu ilichosukuma, haijui kama kanula (kale kamrija kanakoingiza insulini mwilini) imepinda chini ya ngozi au insulini inavujia kwenye plasta. Pima ketoni, badilisha kanula, na dozi ya kurekebisha mpe kwa sindano kama kliniki ilivyowaelekeza.

Nimebadilisha ratiba ya insulini ya msingi kwenye pampu ya Omnipod 5 lakini mistari iko vilevile!

Ikiwa kwenye otomatiki haifuati hiyo ratiba, inajipangia kila dakika 5 kutokana na sensa na jumla ya insulini anayotumia mtoto kwa siku. Ratiba inafanya kazi ukiirudisha manyuo (manual, yaani isiyojiendesha yenyewe). Control-IQ, otomatiki ya pampu za Tandem, ni tofauti, yenyewe inaanzia kwenye ratiba uliyoweka, kwahiyo kabla hujagusa namba jua kwanza mtoto ana pampu gani, na mabadiliko yapite kwa daktari wake.

Tunatoka Minneapolis kwenda Dar likizo ya Juni, saa ya pampu tuiache?

Msiiache. Tofauti ni masaa 8, kwahiyo dozi iliyopangwa saa 9 usiku itaingia saa 5 asubuhi ya Dar, mtoto yuko macho anakimbia. Ulizeni kliniki kabla ya safari mbadilishe lini, na muandike siku mliyobadilisha, la sivyo ripoti ya wiki hiyo itamchanganya daktari.