Maswali na Majibu: Ujenzi, Pwani na Mikoko Yetu

Tuliitwa barazani kuhusu ghala la mafuta litakalojengwa kando ya bandari yetu ya uvuvi, nasi tukatia sahihi karatasi ya mahudhurio. Sasa tunaambiwa kwamba tulikubali. Je, ni kweli? (Mvuvi, Mtongwe)

La. Sahihi ya mahudhurio huthibitisha kwamba ulikuwapo, wala haithibitishi kwamba uliridhia. Hata hivyo, karatasi hiyo huambatishwa kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya kusimamia mazingira nchini Kenya, na afisa asiyekuwapo barazani hawezi kujua kama wazee walipiga makofi au waliondoka wakinung'unika. Kwa hiyo andikeni barua yenu wenyewe, na msiandike tu kwamba mnapinga: elezeni vyombo hupita wapi maji yakipwa, hufungwa wapi wakati wa kusi, na mama karanga, wanawake wanaonunua na kukaanga samaki, husubiri upande gani, kwa sababu mambo hayo hayaonekani kwenye ramani ya mhandisi, na kisichochorwa kwenye ramani huhesabiwa kuwa hakipo. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa na nakala ibaki kwenu. Ikiwa leseni imekwisha kutolewa, mnazo siku 60 za kukata rufaa mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, nazo hupita upesi kuliko vikao vya kamati. Jopo hilo ndilo lililofuta, mnamo Juni 2019, leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Jirani mpya amejenga ukuta hadi mchangani na kuifunga njia yetu ya kwenda baharini. Anasema hati yake inafika majini. (Msomaji, Bamburi)

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa kuwa ya umma. Ugomvi huwa juu ya kikomo chenyewe. Katika maji mafu, siku ambazo maji hujaa kidogo tu, bahari huishia mbali, na mtu anaweza kusimamisha ukuta kwa moyo mweupe. Bamvua likija, yaani siku za maji makuu, ambapo maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, ukuta uleule unalowa. Pigeni picha siku za bamvua, mkiandika tarehe na saa. Njia, kwa upande wake, ni jambo jingine: ikiwa inapita kati ya viwanja, kifungu hicho peke yake hakiilindi, na itawabidi mdai ichorwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti.

Wazee wetu wanapinga kila mradi, nasi vijana tunataka kazi. Nani ana haki? (Kijana, Likoni)

Sidhani kwamba unakosea kutaka kazi, wala wazee hawakosei kuuliza mradi utajengwaje. Tazama Makupa, Mombasa: barabara ya kifusi ilizuia maji kupita kati ya hori (mikono ya bahari) za Tudor na Port Reitz kwa miongo mingi, na daraja lililochukua nafasi yake mwaka 2022 limeyafungulia maji njia huku magari yakiendelea kupita. Swali hilo la ujenzi liulizwe kabla ya vigingi vya mipaka kupigwa.

Dalali ananiuzia kiwanja kwa bei nafuu ndani ya mikoko, anasema kitajazwa kifusi. Ninunue? (Msomaji, Mikindani)

Usinunue. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932. Kifusi nacho hufukia mizizi inayopumua juu ya tope. Ndivyo ilivyotokea Mwache, hori iliyo karibu na Mombasa, ambako matope ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 yaliua mikoko mingi. Wenzetu wa Gazi, Kwale, wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa ya mikoko yao, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti hiyo huihifadhi, tangu 2013 bila kuuza kiwanja hata kimoja, na mapato yameingia katika maji na shule za kijiji.