Re: Mtoto wa miaka 4 hataki kitabu, na vilivyopo kavichana

Salaam, dada. Umesema mwanao anakimbia kabla ya ukurasa wa tatu. Kwanza angalia maneno: ukurasa wa mistari 8 ni mrefu mno kwake, usiusome wote. Mpakate, muulize, "Punda yuko wapi?" Akionyesha kwa kidole, ongeza kidogo: "Punda amebeba mchanga." Kurasa afungue yeye. Dakika 5 zatosha, na akitaka kitabu kile kile mara ya kumi, msomee. Hapo ndipo anaposhika maneno. Akisema "ndia" kama tusemavyo Amu (Lamu), na kitabuni ni "njia", tafadhali usimkatize.

Kuchana si utundu, karatasi nyepesi haihimili vidole vya umri huo. Mtengenezee kitabu kigumu: kata boksi vipande 6 vya ukubwa wa kiganja chako, bandika picha za jahazi, samaki, mlango wa nyumba yenu. Toboa upande mmoja, funga kwa uzi wa nyavu ukiulegeza kidogo. Ukiukaza, kurasa hazifunguki naye atazivuta.

Vitabu usivifungie kabatini, unyevu wa bahari huvitia ukungu. Viweke kikapuni, chini, anapofikia mwenyewe.